Chupa Mbili Bila Majina

Kama umewahi kulazwa katika hospitali ile, hata kwa siku mbili tu, basi unamjua. Ni yule muuguzi mfupi, mnene kidogo, mwenye viatu vyeupe visivyotoa sauti, anayekuja kitandani kwako asubuhi na kukuuliza unaitwa nani. Unamjibu. Baada ya saa moja anarudi na sindano, anakuuliza tena unaitwa nani. Mgonjwa mmoja alichoka akamwambia, "Sista, nikikutajia mara ya tatu utanipa zawadi?" Naye akamjibu bila hata kutabasamu, "Nitakupa dawa yako, si ya jirani yako." Ndipo wakambandika jina, Sista Unaitwa-Nani, nalo likamganda. Wafagiaji walimwita hivyo, wapishi walimwita hivyo, hata mganga mkuu alimwita hivyo akijisahau.

Kazi alikuwa ameifanya miaka ishirini na saba, na kumi na moja ya mwisho ndiye aliyekuwa mwalimu wa mambo ya damu. Kila Jumatano saa nane mchana aliwakusanya wauguzi, wapya kwa wa zamani, kwenye chumba kilicho nyuma ya stoo ya mashuka. Humo mlikuwa na kitanda kimoja kibovu, meza, na mfuko mtupu wa damu alioujaza maji ya rangi. Mmoja alilala akajifanya mgonjwa, mwingine akaja na sindano ya kuigiza na chupa ndogo ya sampuli. Hapo ndipo ukali wake ulipotoka wote.

"Usimwambie mtu 'wewe ndiye fulani?' Mgonjwa ukimuuliza hivyo atasema ndiyo. Atasema ndiyo hata ukimwita jina la mkweo! Anaona sare, anaona heshima, anaitika. Muulize anaitwa nani, aseme kwa mdomo wake. Ukishachukua damu, andika chupa hapo hapo, ungali umesimama kando ya kitanda. Si mezani. Si koridoni. Hapo! Ukiondoka na chupa isiyo na jina, umeondoka na roho ya mtu."

Walikuwa wameyakariri. Kwenye chumba cha chai walimwigiza sauti, mkono mmoja kiunoni, "Si mezani, si koridoni!" halafu wakacheka mpaka chai ikawapalia. Alijua. Hakujali. Aliwaambia wacheke watakavyo ilimradi waandike.

Sasa sikiliza. Kosa alilolipigia kelele miaka kumi na moja, lilipokuja, halikumkuta likizoni wala safarini. Lilimkuta amekaa kwenye kiti cha plastiki, macho wazi, akilitazama linavyopita. Na aliyelala kitandani alikuwa mume wake.

Mumewe alikuwa fundi cherehani, mtu mrefu, mpole, mwenye utani usioisha. Sare zote za mkewe alizishona yeye, na kila sare aliitia kimfuko chembamba upande wa kushoto, cha kalamu tu. "Ili ukiandika watu majina usihangaike," alimwambia. Yeye alimwita mkewe sista, mkewe alimwita fundi, na walikuwa wamekaa hivyo miaka thelathini na mmoja, tangu mkewe angali mwanafunzi wa uuguzi. Fundi alikuwa na vidonda vya tumbo alivyovifuga kama mifugo. Ukimwambia nenda hospitali, alikujibu kwamba hospitali analala nayo kitanda kimoja, inatosha.

Jumatatu moja alfajiri, mkewe akiwa ameshavaa sare tayari kwenda kazini, fundi aliinama bafuni akatapika damu. Si kidogo. Sista alisimama mlangoni na kwa mara ya kwanza katika maisha yake hakujua aanzie wapi.

Alipomfikisha, wodi nzima ilisimama. Huyu si mgonjwa, huyu ni shemeji! Akapewa kitanda cha nane, cha dirishani. Daktari akaja mbio kabla hata faili halijafunguliwa. Watu waliokuwa wamepanga foleni tangu saa kumi na moja wakaambiwa wasubiri kidogo, wakasubiri. Damu ya fundi ilikuwa imeshuka vibaya, ikaamuliwa aongezewe upesi. Na aliyejitolea kuchukua sampuli alikuwa binti mmoja waliyemwita Chapuchapu, mwenye miezi mitano tu kazini. Alikuwa mwepesi wa mikono, mshipa wa mtu haukumpiga chenga hata siku moja, na Jumatano ndiye aliyejibu maswali yote. Sista alimpenda, ingawa asingekubali kusema.

"Mama, wewe kaa tu," Chapuchapu alimwambia, akimvutia kiti. "Leo baba ni wetu sisi."

Akakaa. Lakini kukaa kwake kulikuwa kwa shingo kurefuka, macho yakimfuata kila mtu. Fundi akamshika mkono. Uso wake ulikuwa umepauka, midomo mikavu, lakini jicho lile la utani bado lilikuwemo.

"Nakuona," akasema. "Unahesabu makosa yao."

"Sihesabu kitu."

"Unahesabu. Mimi nimeoa hospitali miaka thelathini na mmoja, nitakosa kukujua? Nakuomba kitu kimoja tu, sista. Leo usiwafundishe watu kazi. Kaa hapa uwe mke wangu."

Sista akacheka, machozi yakimlenga. Akamwambia haya, nimekaa, mimi ni mkeo. Akamwahidi.

Kitanda cha tisa kilikuwa na dereva mstaafu, mzee wa kukoroma, naye alikuwa aongezewe damu siku ile ile. Chapuchapu akachukua damu ya fundi, haraka, bila kumuumiza. Chupa akailaza kwenye trei. Hakuandika kitu. Akageuka kitanda cha tisa, akamwamsha mzee, akachukua ya kwake pia, akailaza kwenye trei ile ile. Chupa mbili, vifuniko vya rangi moja, zimelala bega kwa bega, na hakuna hata moja yenye jina.

Sista aliona. Hebu tusidanganyane hapa: aliona vizuri kabisa, kama unavyoona mkono wako. Mdomo ukafunguka. Na kalamu ilikuwepo, kwenye kimfuko cha upande wa kushoto. Lakini mkono wa fundi ulikuwa umeushika wa kwake, na ukaubana kidogo. Akawaza, binti huyu anakimbia kwa ajili yangu. Akawaza, ana akili, hawezi kuchanganya watu wawili tu. Akawaza, nitamwaibisha mbele ya wagonjwa, na watasema hata mumewe akiwa mahututi yeye anatafuta makosa. Akaufunga mdomo. Chapuchapu akaondoka na trei yake kuelekea mezani mwisho wa wodi. Huko akaitwa kwenye simu, akajibu simu, akarudi, akaandika.

Habari yote ni hiyo. Yanayofuata ni matokeo tu.

Damu ililetwa saa saba mchana, mfuko wa fundi na wa mzee wa kitanda cha tisa, naye mzee akatundikiwa wa kwake kwanza. Chapuchapu na muuguzi mwenzake wakasimama kando ya kitanda cha fundi, mmoja akasoma mfuko, mwingine akasoma karatasi, vikalingana. Kilichobaki ni kumuuliza mgonjwa jina lake. Wakatazamana, wakacheka kidogo.

"Baba, tukuulize jina kweli?" Chapuchapu akasema.

"Niulizeni tu, mama yenu asije akawafukuza kazi," fundi akajibu. Wakacheka wote watatu, na katika kile kicheko hakuna aliyeuliza wala aliyejibu.

Na hata wangemuuliza, mfuko ulikuwa na jina lake sawasawa. Kosa lilikuwa limeshalala ndani ya chupa tangu asubuhi. Lakini kulikuwa na mtu mmoja wa kulikamata. Fundi, enzi za ujana, aliwahi kujitolea damu, akaambiwa kundi lake ni O. Tangu siku hiyo alitamba nayo, eti damu yake inaingia kwa kila mtu ila yeye haingiwi na mtu asiye O mwenzake. Mkewe aliusikia utani huo mara mia. Karatasi iliyobandikwa kwenye ule mfuko ilikuwa imeelekea dirishani. Kuisoma kulihitaji kuinuka na kupiga hatua mbili. Alikuwa ameahidi kukaa. Akakaa.

Hazikupita dakika kumi.

"Sista," fundi akasema, "mgongo."

"Mgongo umefanyaje?"

"Unauma huku chini. Na kifua kinabana. Mbona najisikia vibaya ghafla?" Meno yakaanza kugongana.

Sista alikuwa ameshaufunga ule mrija kabla fundi hajamaliza kusema. Akaugeuza mfuko. Herufi A, kubwa, imeandikwa wazi kwa ajili ya kila mwenye macho.

"Daktari! Kitanda cha nane!" Sauti ile wodi haikuwa imewahi kuisikia. "Na wa tisa mfungieni sasa hivi! Damu zimebadilishana!"

Mikono yake ikafanya kila ilichofundisha. Ikauondoa mrija wote pamoja na mfuko wake, ikaweka mrija mpya na maji ya chumvi, ikapima presha, ikaipima tena. Mfuko ukarudishwa maabara na sampuli mpya, na safari hii chupa iliandikwa kitandani. Mzee wa kitanda cha tisa yeye kundi lake lilikuwa A, na damu ya O haikumdhuru. Aliamka akalalamika kwamba wanampa kitu halafu wanamnyang'anya.

Lakini cha fundi kilikuwa kimeshaingia. Jioni mkojo wake ulikuwa na rangi ya chai isiyo na maziwa. Kesho yake ukakoma kabisa. Figo zikagoma. Madaktari wakahangaika, simu zikapigwa hospitali kubwa, gari likatafutwa, presha yake ikawa haimruhusu hata kuhamishwa kitanda, sembuse kusafiri. Fundi mwenyewe alidhani ni lile tumbo lake. Jumanne mchana, akiwa bado anaongea, alimtazama mkewe aliyekuwa kwenye kiti kile kile.

"Umeona?" akamwambia. "Ukitulia unapendeza."

Alifariki Alhamisi saa nne asubuhi, wakati wanagawa chai.

Hospitali ile ina fomu. Mgonjwa akidhurika kwa damu, fomu inajazwa, inapelekwa juu, ili wanaohusika wajue kilichotokea na kisitokee tena. Na aliyekuwa na kazi ya kuzijaza, mwenye ufunguo wa droo zilimokaa, alikuwa Sista Unaitwa-Nani. Ajabu ya mambo. Angeweza kuijaza, angeweza kuiacha droo imefungwa, na hakuna ambaye angemkumbusha.

Mganga mkuu alimwita siku ya pili baada ya mazishi. Alikuwa mtu mwema, tena aliyemheshimu. Alimkalisha, akafunga mlango mwenyewe.

"Dada yangu," akasema, "shemeji alifika hapa na hali mbaya. Angeweza kutuponyoka hata bila lile. Cheti kinasema vidonda vya tumbo, na ni kweli alikuwa navyo. Yule binti bado hajathibitishwa kazini, ukiandika umemmaliza. Na wewe..." Akatazama kalamu yake. "Umebakiza miaka miwili ustaafu. Watu wanakujua kwa kitu kimoja. Nani atakusikiliza tena?"

"Kwa hiyo nisiandike."

"Sijasema hivyo. Nasema pumzika kwanza."

Chapuchapu alimkuta Sista kwenye chumba cha nyuma ya stoo, peke yake, amekaa juu ya kile kitanda kibovu. Binti alikuwa amekonda kwa siku hizo chache. Alisimama mlangoni, akashindwa kuingia.

"Mama, nimemuua baba."

Sista hakumwambia hapana. Alimwuliza tu, "Nilikufundisha nini kuhusu chupa?"

"Niandike kitandani."

"Kwa nini hukuandika?"

Binti akajifuta uso kwa kiganja. "Mama, usinikasirikie. Hakuna anayeandika kitandani. Ukipita wewe, tunaandika. Ukishapita tunaandika mezani, wote. Mwezi wa kwanza nilifanya kama ulivyosema, wakanicheka, wakaniambia nachelewesha wodi, nitamaliza saa ngapi na wagonjwa arobaini. Nikaacha."

"Wote?"

"Wote, mama."

"Na jina? Jina kwa nini hamkumuuliza?"

"Ni baba," Chapuchapu akasema, akilia sasa bila kujificha. "Unamuulizaje mzee unayemjua jina lake? Niliona aibu. Niliona nitakosa adabu."

Yule mama aliketi pale akiutazama mfuko wa maji ya rangi. Miaka kumi na moja! Kila Jumatano! Kumbe alikuwa akifundisha watu namna ya kumpendeza. Alijisikia mjinga, mjinga wa kutosha kucheka, na hakuwa na nguvu za kucheka. Maana na yeye je? Yeye siku ile alinyamaza kwa sababu gani, kama si hiyo hiyo? Aibu. Adabu. Upendeleo uliokuwa mtamu. Waliosubiri foleni tangu saa kumi na moja wangeandikwa chupa zao mezani vile vile, na yeye asingejua.

Nyumbani binti yake wa pekee alikuwa anakunja nguo za baba yake. Alikuwa mtu mzima, ana watoto wawili, na alimpenda baba yake kuliko alivyompenda mama, jambo ambalo wote watatu walilijua na walilitania.

"Mama," akasema bila kugeuka, "daktari ametuambia ni tumbo. Ni tumbo kweli?"

Ilikuwa rahisi mno. Neno moja tu, ndiyo, na binti angeendelea kukunja nguo, na wangekaa wote wawili na huzuni safi, huzuni ya kawaida ambayo watu wanakuja kukupa pole nayo.

"Si tumbo," akasema. "Alipewa damu isiyo yake. Chupa hazikuandikwa majina."

Binti akageuka taratibu. "Nani hakuandika?"

"Muuguzi. Lakini mimi nilikuwepo. Niliona."

"Uliona nini?"

"Niliona chupa mbili, hazina majina. Nikanyamaza."

Shati la fundi lilikuwa bado mikononi mwa binti, kola imekunjwa nusu.

"Wewe," binti akasema. "Wewe uliyenisumbua mimi utoto wangu wote na kuandika jina kwenye kila kitu, mpaka miswaki. Wewe ulinyamaza?"

"Nilinyamaza."

Binti akaliweka shati mezani, akachukua mkoba wake, akatoka. Hakubamiza mlango. Mama yake alitamani angeubamiza.

Kesho yake asubuhi Sista alifungua droo akatoa fomu. Jina la mgonjwa, akaandika majina yake yote matatu kwa herufi kubwa. Kundi la damu la mgonjwa. Kundi la damu aliyopewa. Muda wa kuanza, muda wa kusimamisha. Aliandika kwamba sampuli ziliandikwa mezani, na kwamba hiyo ndiyo desturi ya wodi nzima pindi mwalimu akigeuka, si ya binti mmoja. Karibu na mwisho kuna swali ambalo wengi huliacha wazi, naye kila mara aliwarudishia fomu kwa sababu yake: je, kuna mtu aliyeona dalili ya kosa kabla damu haijaanza? Akaandika jina lake mwenyewe na cheo chake. Kwenye nafasi ya maelezo akaandika, "Niliona chupa zikiondoka kitandani bila majina. Nilikuwa na kalamu. Sikusema." Akasoma tena, hakubadilisha kitu, akaipeleka kwa mganga mkuu kwa mkono wake. Yule bwana aliisoma amesimama, akaitia sahihi.

Mambo yakaenda kama yaendavyo. Wakaja watu wa juu na mafaili yao, wakauliza, wakaandika. Chapuchapu alisimamishwa miezi mitatu. Sista alipewa barua ya onyo, ya kwanza katika miaka ishirini na saba. Wenzake wodini wakamnunia kwa kuwaanika. Akiingia chumba cha chai mazungumzo yalikatika, na hakuna aliyemwigiza tena sauti, jambo lililomuuma kuliko alivyotegemea. Maabara nayo ikabadilisha utaratibu: mgonjwa ambaye kundi lake halijajulikana, haitoi damu kwa sampuli moja, inataka ya pili, iliyochukuliwa saa nyingine na mtu mwingine. Wodi ikanung'unika wiki tatu, halafu ikazoea. Wiki ya tano chupa mbili za mgonjwa mmoja hazikulingana, na mtu ambaye hajui hili wala lile akaenda nyumbani kwake mzima. Sista alielezwa. Aliitikia kwa kichwa, akaendelea kukunja mashuka.

Binti yake hakupokea simu. Alipiga kila Jumapili, ikaita mpaka ikakata.

Chapuchapu aliporudi kazini ilikuwa Jumatano. Saa nane aliingia kwenye chumba cha nyuma ya stoo akakaa mwisho kabisa, karibu na mlango. Chumba kilijaa. Wengine walikuja kwa kulazimishwa, wengine kutazama tu wawili hao watakavyokutana.

Sista hakuhutubia. Hakuweka mkono kiunoni. Alivua viatu vyake vyeupe, akavipanga chini, akapanda mwenyewe kwenye kile kitanda kibovu, akalala chali. Halafu akamwita binti kwa kidole.

Chapuchapu akaja. Akachukua chupa tupu ya sampuli kutoka mezani, akapapasa mfukoni, hakuwa na kalamu. Sista akatoa ya kwake kwenye kile kimfuko cha upande wa kushoto, akampa.

"Endelea," akamwambia. "Kama kazi."

Binti akamwinamia. "Unaitwa nani?"

Kwenye mazoezi yale mgonjwa hutaja jina lolote la kubuni, la kuchekesha mara nyingi. Yule mama alitazama dari. Akataja majina ya mume wake, yote matatu, polepole, kama mtu anayeulizwa kwa mara ya kwanza.

Chapuchapu alisimama pale pale kando ya kitanda, akaandika, herufi moja moja, machozi yakidondoka juu ya mkono. Alipomaliza hakuondoka. Akamsomea alichoandika, kisha akamuuliza tena anaitwa nani, kama inavyotakiwa.

Sista akajibu tena.